Habari Zilizokosa Mpokezi

Kila mara ugaidi unapoangusha jengo na kuwafukia watu chini ya vifusi, kabla maiti hawajamalizika kuzikwa, huzuka sauti moja bungeni, magazetini na vibarazani, ikisema kwamba vyombo vya upelelezi vilikuwa vimelala, na kwamba tiba ya usingizi huo ni kuviongezea fedha, mitambo na mamlaka ya kusikiliza, kupekua na kuwaandama watu, hata pasipo idhini ya mahakama. Sauti hiyo hutoka katika uchungu wa kweli, na mwenye insafu hawezi kuibeza. Lakini mtu akiyafuatia maafa hayo moja baada ya jingine, kwa kusoma taarifa za tume, hukumu za mahakama na ushahidi uliotolewa hadharani, ataona jambo ambalo sauti ile hailitaji, nalo ni kwamba aghalabu habari ilikuwapo: juu ya meza ya ofisa, ndani ya jalada, kinywani mwa mzazi, au katika tarakimu za simu zilizotajwa na mfungwa mmoja, na kilichokosekana ni mpokezi wa kuisadiki, kuiunganisha na nyinginezo, na kuifanyia kazi kabla ya saa yake kupita.

Tuanze na msiba uliotupata sisi wenyewe. Siku ya Ijumaa, tarehe 7 Agosti 1998, yapata saa nne na nusu ya asubuhi, lori lililosheheni baruti lililipuka nyuma ya ubalozi wa Marekani mjini Nairobi, penye njia panda ya barabara za Moi na Haile Selassie, likaliporomosha jengo la Ufundi lililokuwa ubavuni mwake. Na katika muda wa dakika chache lori jingine likalipuka penye lango la ubalozi wa nchi hiyo hiyo Dar es Salaam. Watu 224 walikufa, 213 Nairobi na 11 Dar es Salaam, na majeruhi walipindukia 4,500, wengi wao wakiwa wamekatwa na vigae vya madirisha waliyoyakimbilia kutazama kishindo kilichoutangulia mlipuko kilikuwa cha nini. Wamarekani waliouawa walikuwa 12. Wengine waliouawa, isipokuwa wachache, walikuwa makarani, wanafunzi, abiria na wapita njia wa Kenya na Tanzania, ambao hawakuwa na ugomvi na Usama bin Laden, kiongozi wa kundi la al-Qaeda lililopanga hujuma hizo, wala hawakupata kuulizwa neno juu ya siasa za dunia.

Je, upelelezi ulikuwa umelala? Haukuwa umelala. Tangu mwaka 1996 Wamarekani walikuwa wakizisikiliza simu za mtu aliyewahi kuwa katibu wa Bin Laden, Wadih el-Hage, aliyekuwa akiishi Nairobi pamoja na mkewe na watoto wake. Agosti 1997, mwaka mmoja kamili kabla ya msiba, makachero wa Marekani na wa Kenya waliipekua nyumba yake na kuichukua kompyuta yake, na ndani yake ikaonekana barua ya mmoja wa wenzake, iliyojaa wasiwasi juu ya usalama wa kundi lao la Afrika Mashariki. Novemba ya mwaka huo huo Mmisri mmoja aliingia kwa miguu yake mwenyewe katika ubalozi wa Nairobi, akaeleza kwamba kulikuwa na njama ya kuulipua ubalozi huo kwa lori. Akahojiwa, na maneno yake yakaonekana hayana uzito. Naye Balozi Prudence Bushnell aliandika Washington kwamba jengo lake limekaribiana mno na barabara na haliwezi kuhimili hujuma, hata mwaka 1998 akamwandikia waraka Waziri wa Mambo ya Nje, Madeleine Albright, mwenyewe. Asipate alichokiomba, kwa kuwa katika jedwali la hatari za ugaidi ubalozi wa Nairobi ulikuwa umewekwa daraja la kati.

Tume ya uchunguzi iliyoongozwa na Admirali William Crowe, ilipotoa taarifa yake Januari 1999, ilisema kwamba hapakuwa na habari ya kuaminika iliyoonya juu ya hujuma za siku ile. Lakini tume haikuishia hapo, bali iliyalaumu mazoea ya serikali ya kuitegemea mno habari ya namna hiyo. Na katika lawama hiyo mna fundisho ambalo wengi hulipita. Habari za kijasusi zina daraja mbili. Kuna dalili, yaani ishara kwamba watu fulani wana nia fulani na wanajizatiti; na kuna yakini, yaani kuijua siku, saa, lango na rangi ya gari. Yakini ni adimu, kwa sababu mwenye njama huificha hata kwa baadhi ya wenzake mpaka usiku wa kuamkia tendo lenyewe. Dalili ni nyingi. Serikali ikijizoesha kungoja yakini ndipo itende, itangoja mpaka yakini ije kwa sura ya moshi. Na serikali yenye busara huzifanyia kazi dalili kwa hatua zisizohitaji kujua tarehe, kama kuusogeza uzio mbali na barabara, kubadili njia ya magari, kuweka kizuizi na kumfundisha mlinzi. Hatua hizo hazina fahari ya mitambo, wala hazimnyang'anyi raia siri zake, nazo zingaliokoa roho nyingi Nairobi.

Hata hivyo tusimwonee ofisa anayezipokea dalili hizo. Mezani pake huanguka maonyo mengi, na mengi kati yake ni ya uongo: mengine yameletwa na watu wanaotaka fedha au viza, mengine ni ya mahasimu wanaochongeana, mengine ni mashaka matupu. Akipiga mbiu kwa kila moja, watu watazoea na kuacha kusikia. Akinyamaza na lile moja likatokea kuwa la kweli, jina lake litabaki katika taarifa ya tume. Kinachomsaidia si kuletewa maonyo zaidi, bali kuwa na wenzake wenye elimu ya mahali na lugha, wanaoweza kuiweka barua ya kompyuta karibu na maneno ya Mmisri na waraka wa balozi, na kuuliza vitatu hivyo vikisomwa pamoja vinasema nini. Kazi hiyo ya kuunganisha ndiyo ujasusi wenyewe. Kusikiliza simu ni ukusanyaji wa mali ghafi tu.

Ushahidi mkubwa wa jambo hili pia ulianzia Nairobi. Mmoja wa watu wawili waliokuwamo katika lori, Mohamed al-Owhali, alishuka na kukimbia kabla ya mlipuko, akajeruhiwa, akaenda kutibiwa hospitalini kama majeruhi wengine. Mfanyakazi wa usafi akaziona risasi na funguo alizozificha msalani, na siku chache baada ya mlipuko, kwa habari iliyotolewa na raia, al-Owhali akakamatwa. Akahojiwa kwa subira, siku baada ya siku, hata akaitaja namba ya simu ya nyumba moja ya mjini Sana'a, Yemen. Nyumba hiyo ilikuwa kituo cha kupokea na kupeleka habari za al-Qaeda, na kwa kuisikiliza simu yake Wamarekani walitambua, mwishoni mwa 1999, kwamba palikuwa na mkutano unaoandaliwa Kuala Lumpur, Januari 2000. Shirika la kijasusi la CIA likaufuatilia mkutano huo, likajua kwamba mmoja wa waliohudhuria, Khalid al-Mihdhar, ana viza ya kuingia Marekani, na baada ya muda likajua kwamba mwenzake, Nawaf al-Hazmi, amekwisha kuingia. Majina hayo hayakuwekwa katika orodha ya watu wa kuangaliwa, wala shirika la makachero wa ndani, FBI, halikuarifiwa ipasavyo, mpaka Agosti 2001. Watu hao wawili waliishi San Diego kwa majina yao halisi, na tarehe 11 Septemba 2001 walikuwamo ndani ya ndege iliyogonga makao ya jeshi la Marekani.

Nashangaa kila niufikiriapo mnyororo huo, ulioanza na raia wa kawaida wa Nairobi na kukatikia katika jalada la afisi ya Marekani. Hakuna aliyekosa mtambo. Kilichokuwapo ni wivu wa idara mbili, kila moja ikiiona siri kuwa mali yake, pamoja na tafsiri ya sheria iliyojenga ukuta baina ya wapelelezi wa nje na makachero wa ndani, hata anayejua akawa hana nguvu ya kukamata, na mwenye nguvu ya kukamata akawa hajui.

Baada ya msiba huo wa Septemba 2001 iliwajuzu watawala wa Marekani kuubomoa ukuta ule, na kwa kiasi fulani waliubomoa. Lakini fauka ya hayo walifanya jambo jingine, wakaanza kukusanya kwa siri kumbukumbu za simu za takribani umma wao wote: nani amempigia nani, saa ngapi, kwa muda gani. Mambo hayo yalipofichuliwa na Edward Snowden, mtumishi wa zamani wa ujasusi wa nchi hiyo, mwaka 2013, bodi rasmi ya kusimamia haki za faragha ilifanya uchunguzi, na Januari 2014 ikatangaza kwamba haikuona hata mara moja ambapo ukusanyaji huo wa jumla ulibadili mwisho wa upelelezi wa ugaidi uliokuwa ukiitishia Marekani. Kesi iliyokuwa ikitajwa kama ushindi wake ilimhusu dereva wa teksi wa San Diego, mzaliwa wa Somalia, aliyehukumiwa pamoja na wenzake kwa kupeleka dola zipatazo 8,500 kwa kundi la wapiganaji la al-Shabaab la huko. Na mwaka 2020 mahakama ya rufaa ilisema kwamba ukusanyaji wenyewe ulivunja sheria, na kwamba habari zake hazikuwa na uzito mkubwa katika kesi ile.

Sababu ya udhaifu huo ni hesabu, wala haihitaji mitambo kuieleza. Tuseme nchi ina watu milioni 50, na miongoni mwao wabaya 500. Na tuseme umepatikana mtambo wa ajabu usiokosea ila mara moja katika 100. Mtambo huo utawanasa wabaya 495, na hapo hapo utawanyoshea kidole wasio na hatia karibu 500,000. Kwa kila mbaya mmoja makachero watakuwa na watu wema elfu moja wa kuwahoji, kuwaandama na kuwaudhi. Na kabla hawajafika hata robo ya orodha, lori litakuwa limekwisha kuwasili. Dola inayomtuhumu kila mtu hujifunga yenyewe mikono, kwa kuwa macho ya binadamu yanayochambua majina hayo hayaongezeki kwa kasi ya mitambo inayoyazalisha.

Haifuati kwamba kusikiliza na kuandama hakuna faida. Mwaka 2006 huko Uingereza makachero walimshuku mtu mmoja aliyerudi kutoka Pakistan, wakaufungua mzigo wake kwa siri, wakakuta unga wa kinywaji na betri nyingi. Wakamfuata, wakatega vinasa sauti katika nyumba aliyokuwa akikutania na wenzake, na Agosti wakawakamata kabla hawajazipandisha katika ndege chupa za vinywaji zilizokusudiwa kugeuzwa mabomu. Msafiri yeyote anayeambiwa atupe chupa yake ya maji uwanja wa ndege anaonja mabaki ya njama hiyo. Ufuatiliaji ule ulifaulu kwa sababu ulianza na mtu mwenye dalili, ukakua kwa kadiri dalili zilivyokua, na ukaishia mahakamani. Upelelezi wa mtu kwa sababu ni jambo moja. Upelelezi wa umma kwa hofu ni jambo jingine.

Na kama upelelezi unahitaji mtu wa kuanzia, swali linalofuata ni nani atakayemwonyesha. Hapa ndipo sisi wa Afrika Mashariki tunapojidhuru. Fazul Abdullah Mohammed, Mngazija aliyekuwa mmoja wa wapangaji wa msiba wa 1998, aliishi miongoni mwa watu wa Siyu kisiwani Pate, akaoa huko, kabla ya hoteli ya Kikambala, karibu na Mombasa, kulipuliwa Novemba 2002. Na baada ya kutafutwa kwa miaka karibu 13, huku kichwa chake kikiwa kimewekewa zawadi ya mamilioni ya dola, aliuawa Juni 2011 na askari wa kizuizi cha barabarani Mogadishu, ambao hawakumjua ni nani. Mtu kama huyo haonwi na setilaiti. Anayemwona ni jirani anayeswali naye, muuza duka anayemkopesha, mkwe anayeshangaa safari zake za usiku. Na jirani huyo hasemi ila akiwa na yakini kwamba maneno yake yatapokewa kwa amana na kwamba yeye mwenyewe hatageuziwa kesho akawa mtuhumiwa.

Amana hiyo imevunjwa mara nyingi. Katika Kenya tawi la polisi lililoitwa Special Branch liliwafundisha raia kwa muda mrefu kwamba mpelelezi ni mtu wa kuogopwa, na vyumba vya mateso vya Nyayo House vya miaka ya 1980 bado vimo katika kumbukumbu za walio hai. Aprili 2014, baada ya mfululizo wa hujuma, serikali iliwasomba watu wapatao 4,000, wengi wao Wasomali, raia na wakimbizi, ikawahoji na kuwafungia uwanjani Kasarani. Wengine wakasema walijikomboa kwa rushwa. Mtu aliyelala uwanjani na watoto wake hali ana kitambulisho halali mfukoni, mtamtakaje kesho awaletee habari za mpangaji mgeni? Mpango wa Nyumba Kumi, ulioigwa mwaka 2013 kwa mabalozi wa nyumba kumi wa Tanganyika ya TANU, ulikuwa na nia njema, lakini palipo na hofu jirani aliyepewa cheo huonekana shushushu, na milango hufungwa.

Mwaka mmoja tu baada ya msako ule wa Kasarani, tarehe 2 Aprili 2015, watu wanne wa al-Shabaab waliingia alfajiri katika Chuo Kikuu cha Garissa wakaua watu 148, na 142 kati yao walikuwa wanafunzi. Mmoja wa wauaji alikuwa mhitimu wa sheria wa Chuo Kikuu cha Nairobi, mwana wa chifu wa kaunti ya Mandera. Na baba huyo alikuwa amekwisha kuwaarifu wakuu kwamba mwanawe ametoweka na kwamba anachelea amevuka kwenda Somalia. Hebu tulitafakari tendo la mzazi huyo, aliyemtaja mwanawe wa damu kwa serikali ili wengine wasife. Pamoja na hayo, Uingereza ilikuwa imewaonya raia wake wasiende sehemu zile, na onyo hilo lililaumiwa hadharani na Rais Kenyatta siku moja kabla ya mauaji. Na hujuma ilipoanza, kikosi maalumu cha Recce kilichokuwa Nairobi hakikufika mpaka mchana umepinduka, ilhali wanafunzi walikuwa wakiuawa tangu kabla ya jua kuchomoza. Habari iliyopokewa isipokuwa na ndege ya kumpeleka askari ni sawa na habari isiyopokewa. Iliposhambuliwa hoteli ya DusitD2 Januari 2019, watu 21 waliuawa, lakini vikosi viliwahi mapema na kuokoa mamia. Huo ni ushahidi kwamba fundisho likikubaliwa huzaa matunda.

Wako wanaodai kwamba mtuhumiwa akiumizwa vya kutosha atasema, na kwamba haki ni anasa ya nyakati za salama. Al-Owhali alisema kwa kuhojiwa. Ibn al-Shaykh al-Libi, aliyepelekwa Misri na Wamarekani akateswa, naye alisema: alisema kwamba Iraki iliwafundisha al-Qaeda kutumia silaha za sumu, maneno hayo yakatiwa katika hotuba ya Waziri Colin Powell mbele ya Umoja wa Mataifa Februari 2003, na baadaye akayakana. Mateso humfanya mtu aseme lile mtesaji analotaka kulisikia, na kosa la kijasusi la namna hiyo linaweza kusaidia kuwasha vita vizima.

Kwa hiyo sheria si adui wa upelelezi. Desemba 2014 Bunge la Kenya lilipitisha kwa vurugu sheria ya marekebisho ya usalama. Februari iliyofuata Mahakama Kuu ikabatilisha vifungu vinane, kikiwamo kile kilichotaka kuwafunga midomo waandishi wa habari, lakini ikaviacha vifungu vya kuingilia mawasiliano katika kupambana na ugaidi, kwa hoja kwamba hatari ni ya kweli na kwamba mamlaka hayo yamewekewa mipaka. Hukumu hiyo ina insafu: haikumnyima mpelelezi sikio, ilimtaka atoe sababu. Kinyume chake, baada ya Garissa serikali ilizifunga akaunti za benki za mashirika mawili ya haki za binadamu ya Mombasa, MUHURI na Haki Africa, na mwaka huo huo mahakama ikaamuru zifunguliwe, kwa kuwa hapakuwa na ithibati ya kuwahusisha na ugaidi. Milango iliyokuwa ikipokea vilio vya wazazi ambao vijana wao wametoweka ndiyo iliyofungwa, na pamoja na vilio hivyo zikafungiwa nje habari ambazo mpelelezi mwerevu angezilipia.

Nawaomba basi wabunge wetu, watakapoletewa tena muswada wa kuongeza mamlaka ya kuwasikiliza watu, wasiulize kwanza mitambo itagharimu kiasi gani. Waulize: habari zilizokuwapo kabla ya msiba uliopita zilikuwa kwa nani, zilikaa kwake siku ngapi, nani alipaswa kuzipata asizipate, na ni nani aliyewajibishwa kwa hilo. Waulize pia ni jaji gani atakayetoa idhini, na ni kamati gani ya Bunge itakayokagua. Serikali isiyoweza kuyajibu maswali hayo haistahili kupewa sikio jingine, maana yale iliyo nayo bado haijayatumia.